Kabla ya kulaumu njia, tutoe gundi kwenye kioo cha mbele

Hapa Uvira, ajali ikitokea, maneno yetu ni yaleyale. Njia ni mbovu. Vumbi ni nyingi. Wenye pikipiki hawana adabu. Watoto wanavuka ovyo. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na mimi pia nimeyasema mara nyingi. Lakini kuna jambo moja ambalo hatulitaji, ijapokuwa liko mbele ya pua zetu kila tunapopanda motokari: kioo cha mbele, parebrizi, kilichojaa gundi ya vibandiko vya zamani.

Wiki chache zilizopita nilipanda teksi asubuhi pale Mulongwe, nikielekea Kavimvira. Nilikaa mbele, upande wa kushoto, kwa sababu usukani ulikuwa kuume, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotufikia kutoka Japani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya milima ya Burundi, likivuka ziwa na kupiga kioo upande wa kuume. Ghafla shofere akakanyaga breki kwa nguvu, sote tukaruka mbele. Msichana mdogo aliyekuwa anatembea kando ya njia, bidoni ya maji kichwani, aliruka pembeni. Bidoni ikaanguka, maji yakamwagika yote.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti: "Papa shofere, haukumuona mutoto?"

"Haki ya Mungu, mama, sikumuona," shofere akajibu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Hakudanganya. Niliangalia kioo mbele yake. Kwenye pembe ya chini, upande wake, kulikuwa na alama tatu za gundi, moja juu ya nyingine, zimekamata vumbi hadi zimekuwa rangi ya udongo. Jua lilipozipiga, ziling'aa kama bati. Nyuma ya alama hizo ndipo mtoto alipokuwa. Msichana hakuumia, tunamshukuru Mungu. Alikuwa analilia maji yake, na katika mji huu ambamo bidoni moja ya maji ni safari nzima, ana haki ya kulia. Shofere alimpa pesa kidogo, tukaendelea na safari. Ila mimi sikuacha kufikiri juu ya kile kioo.

Ninalotaka kusema leo ni fupi. Shofere mwenye gundi kwenye kioo anaendesha akiwa nusu kipofu, na dawa yake inapatikana jikoni kwake. Atoe gundi hiyo wiki hii. Na wale wanaotutaka tubandike makaratasi kwenye kioo nao wana deni lao, tutafika huko.

Kwanza, hesabu kidogo

Wengine watasema: gundi ya upana wa kiganja itaficha nini? Tuhesabu pamoja. Tuseme alama ya gundi ina upana wa sentimita 10, na iko sentimita 70 kutoka jicho la shofere. Ukiangalia kwa jicho moja, alama hiyo inafunika karibu mita 3 za njia kwa umbali wa mita 20. Ukiangalia kwa macho mawili, jicho moja linasaidia lingine, lakini bado inabaki sehemu ya mita 1 hivi ambayo hakuna jicho linaloiona vizuri. Mtoto mwenye bidoni hana upana wa mita 1. Na motokari inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Kwa hiyo mita 20 ni chini ya sekunde 2. Ndio muda wote alionao shofere, na ndio muda wote alionao mtoto.

Sasa ongeza jambo la usukani. Desturi ya kubandika vinyeti na karatasi ya asiransi kwenye pembe ya chini upande wa kuume tuliirithi pamoja na mambo mengine ya Wazungu. Kwao ina maana: usukani uko kushoto, kwa hiyo pembe ya kuume iko mbali na shofere, inamkinga abiria tu. Lakini kwetu hapa Uvira, Baraka, Fizi na bonde lote la Ruzizi, magari mengi yana usukani kuume, na tunaendesha upande wa kuume wa njia. Pembe ile ya abiria imekuwa pembe ya shofere. Tena ndiyo pembe inayoangalia ukingo wa njia, pale wanapopita mama wanaotoka sokoni, wanafunzi na wachota maji. Tumebandika karatasi mahali pabaya kuliko pote, na kwa kuwa kila mtu anafanya hivyo, tunaona ni sawa.

Na jua letu nalo halisaidii. Anayetoka Kavimvira asubuhi kwenda Gatumba na Bujumbura ana jua usoni. Akirudi jioni, jua liko tena usoni, linashuka nyuma ya milima ya Uvira. Kioo safi kinapitisha mwanga. Kioo chenye gundi kinautawanya, na shofere haoni isipokuwa weupe. Usiku ni vilevile, taa za gari linalokuja mbele zikipiga gundi hiyo.

Gundi hiyo inatoka wapi?

Motokari ya mitumba ikifika kwetu, imekwisha kubandikwa tangu kule ilikotoka. Inakuja na alama ya ukaguzi ya Japani, pengine namba iliyoandikwa kwenye kioo wakati wa kuuzwa au kusafirishwa. Ikifika hapa, inapata vinyeti vya mwaka, asiransi, kontrole tekinike, pengine na kibandiko cha chama cha madereva. Mwaka ukiisha, kinabandikwa kipya. Cha zamani hakitolewi. Au kinatolewa kwa kucha: karatasi inakuja, gundi inabaki.

Sisi wenyewe hatuko nyuma. Tunabandika mistari ya Maandiko, majina ya timu, picha za wasanii. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 2023 tuliona sura za wagombea kwenye vioo vya magari. Mgombea ameshinda au ameshindwa, gundi yake ingali pale. Shofere ameibeba kama mzigo usiolipiwa.

Inafaa kuelewa kwamba gundi ya kibandiko si kama ile ya shuleni inayotengenezwa kwa unga. Imetengenezwa ili isiyeyuke kwa maji, la sivyo mvua ya kwanza ingekiondoa kibandiko. Ndiyo maana unasugua na maji ya ziwa kutwa nzima, na gundi inakucheka. Jua likiipiga miezi na miaka, inakauka na kuwa ngumu, inakamata kioo zaidi. Vumbi ya njia ya taifa namba 5 inaingia ndani yake. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa, au wanachukua kisu.

Namna ya kuitoa bila kuharibu kioo

Nimejaribu njia nyingi kwenye gari la ndugu yangu, na nimewauliza vijana wanaoosha magari. Hii ndiyo inayofanya kazi, na haihitaji dawa ya dukani.

Kabla ya yote, hakikisha unachotaka kutoa kimekwisha muda wake. Kipige picha kwa simu, tarehe na namba zionekane. Tafuta kitansi chake na ukiweke pamoja na karatasi za gari. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Chagua asubuhi mapema au kivulini. Kioo kikiwa moto sana kwa jua, kila unachopaka kinakauka kabla hakijafanya kazi. Na usimwage maji baridi juu ya kioo chenye moto, wala maji yanayochemka juu ya kioo baridi. Vioo vyetu vingi vimekwisha kupigwa na mawe ya njiani na vina nyufa ndogo. Badiliko la ghafla la joto linaweza kuurefusha ufa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, vumbi na mchanga vitoke. Usiruke hatua hii. Mchanga ukibaki, kila utakachosugua nacho kitachora kioo, na mchoro kwenye kioo hautoki tena.

Kama karatasi bado ipo, chovya kitambaa ndani ya maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, kikandamize juu ya kibandiko dakika kumi. Joto linalainisha gundi. Kisha anza pembeni, vuta polepole, karibu na kioo, usivute kuelekea kwako kwa haraka. Ukivuta kwa hasira, karatasi inakatika na gundi yote inabaki.

Sasa gundi yenyewe. Paka mafuta ya kupikia. Ndiyo, mafuta ya jikoni. Gundi inayokataa maji inakubali mafuta: yanaingia ndani yake, yanailegeza, inaacha kukamata kioo. Mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na rangi ni mazuri zaidi. Mafuta ya ngazi, mawese yetu, yanafanya kazi pia, ila yapashe moto kidogo kwanza kwa sababu yakipoa yanaganda, na uangalie yasidondoke kwenye dashibodi au nguo, rangi yake inajulikana. Maganda ya machungwa na ndimu nayo yana mafuta yanayolegeza gundi. Ukiyakamua juu ya alama ndogo utaona tofauti.

Baada ya kupaka, ngoja. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Gundi ya mwezi mmoja inahitaji dakika kumi. Ile ya miaka mitatu inahitaji nusu saa na zaidi. Loweka kitambaa kwa mafuta, kibandike juu ya alama, funika na kipande cha mfuko wa plastiki ili kisikauke. Nenda kunywa chai. Ukirudi, kwangua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Usichukue kadi yako ya mchaguzi, maana kwetu ndiyo kitambulisho! Gundi itakunjika kama uji uliokauka kwenye sufuria. Isipotoka yote, rudia. Mara ya pili au ya tatu itatoka.

Kwa ile iliyogoma kabisa, wembe unaruhusiwa, lakini kwa masharti. Uwe mpya, usio na kutu wala meno. Kioo kiwe kimelowa mafuta au maji ya sabuni, kamwe kisiwe kikavu. Wembe uulaze, usiusimamishe, na usukume kwenda mbele tu, usirudishe nyuma. Usiutumie kwenye kioo kilichopakwa karatasi nyeusi ya kukinga jua, wala kwenye kioo cha nyuma chenye nyuzi nyembamba za kupasha joto. Ukiikata nyuzi moja, imekufa.

Alkoli inamalizia kazi vizuri: chukua ile ya kusafishia mikono tuliyozoea wakati wa Ebola na Korona, weka kidogo kwenye kitambaa. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ni kali na inatoa gundi haraka kwenye kioo, lakini inakula rangi ya gari, plastiki ya dashibodi na karatasi ya kukinga jua. Usiimwage. Na usiipeleke kwenye kingo za kioo. Parebrizi si kioo kimoja. Ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, ili kikivunjika kisikuangukie usoni. Dawa kali ikiingia pembeni inaweza kuiharibu plastiki hiyo.

Mwisho, na hii ni lazima: toa mafuta. Kioo chenye mafuta ni kibaya kuliko chenye gundi. Mvua ikinyesha usiku, esuiglasi zitayatandaza mafuta hayo kioo kizima na hutaona kitu. Osha kwa sabuni ya vyombo mara mbili, suuza, futa kwa kitambaa safi, kisha kwa gazeti kuukuu. Ukitaka kujua kama kimetakata, nyunyiza maji: yakitandaa sawasawa, kioo ni safi. Yakikimbiliana na kuwa matone mahali pale ulipofanya kazi, mafuta bado yapo.

Usitumie esanse

Nimeona vijana wakimwaga esanse kwenye kitambaa na kusugua kioo, sigara ya mwingine ikiwaka mita mbili kutoka hapo. Esanse inatoa gundi, sikatai. Ni rahisi kuipata, kila kona kuna mwenye chupa na bidoni zake. Lakini kinachowaka katika esanse ni mvuke wake, ambao hauonekani na unatembea. Ndani ya gari lililofungwa unajaa haraka, na cheche moja ya redio au ya betri inatosha.

Sisi wa bonde hili hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka. Esanse ikamwagika, watu wakakaribia, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, na baadhi yao hawakuwa hata karibu na lori. Walikuwa wamekaa wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Anayepita Sange leo akumbuke wale waliozikwa pale. Sisemi kitambaa kimoja ni sawa na lori zima. Ninasema mtu aliyetoka katika nchi ya Sange asichezee esanse kwa sababu ya kibandiko, wakati mafuta ya kupikia yapo. Petroli ya taa nayo, ile ya koroboi, haishiki moto upesi kama esanse, lakini inanuka, inaacha utando, na inaumiza ngozi na kifua. Sioni sababu ya kuitumia.

Na ziwa je?

Vijana wengi wanaosha magari mtoni na ufukweni, Kalimabenge, Mulongwe, Kavimvira, na kando ya ziwa lenyewe. Ninawaelewa: ndiyo kazi yao, na maji yako pale. Lakini mita chache kutoka kwao kuna mama anachota maji ya kupika, na watoto wanaoga. Mabomba ya mji huu yanapata maji yake kutoka mto Mulongwe, na mabomba yakikauka, watu wanarudi ziwani na mitoni. Kipindupindu tunakijua, hakitoki kwenye gundi, lakini tunajua gharama ya maji machafu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni ziwa kubwa mno, na ukubwa huo unatudanganya kwamba linaweza kumeza kila kitu. Dagaa na mikeke tunayokula haiishi katikati ya hesabu za vitabu. Wavuvi wetu wanaitoa katika maji haya haya tunayoyachafua ufukweni.

Basi kazi ya kutoa gundi ifanyike mbali na maji. Mafuta yaliyotumika yafutwe kwa kitambaa au karatasi, gundi ikusanywe, vitupwe pamoja na takataka, si mtoni. Maji ya sabuni yamwagwe kwenye udongo. Na hapa naona nafasi ya kazi: vijana wa kuosha magari wangeweza kuongeza huduma hii kwenye kazi yao, kutoa gundi kwa ustadi na kwa bei inayoeleweka. Ni bora kuliko kumwagia gari ndoo mbili za maji na kuita hiyo kuosha.

Deni la wanaobandika

Nikiwauliza madereva kwa nini hawatoi vibandiko vya zamani, jibu la kwanza si uvivu. Ni woga. "Nikitoa cha mwaka jana, nitasimamishwa niulizwe kiko wapi." Shofere anageuza kioo chake kuwa kabati la karatasi kwa sababu kioo ndicho kinachoonekana kwanza pale anaposimamishwa. Ndiyo maana nimesema piga picha, weka kitansi. Lakini haki haiwezi kutegemea simu ya shofere peke yake.

Naomba mambo manne kwa wenye mamlaka ya jimbo na ya mji, na kwa makampuni ya asiransi.

La kwanza, itangazwe wazi kwamba kibandiko kilichokwisha muda wake kitolewe, na kwamba hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa kukosa karatasi ya mwaka uliopita kwenye kioo. Kitansi ndicho ushahidi.

La pili, mahali pa kubandika papangwe kwa kuangalia usukani wa gari. Wenye usukani kuume wabandike pembe ya kushoto, au juu katikati nyuma ya kioo kidogo cha kuangalia nyuma. Jambo hili haligharimu hata franka moja.

La tatu, anayebandika kipya atoe kwanza cha zamani pamoja na gundi yake. Na badala ya kubandika karatasi moja kwa moja, kila gari liwe na mfuko mdogo wa plastiki inayoona, unaobandikwa mara moja tu, na karatasi inabadilishwa ndani yake kila mwaka.

La nne, na hili ni la mbele zaidi, tujiulize kama kioo ni mahali pa karatasi hata kidogo. Wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Burundi wanaijua karata ya njano ya COMESA, asiransi inayotambulika katika nchi jirani. Karata hiyo inakaa kwenye pochi ya gari, anayetaka kuiona anaonyeshwa. Haijabandikwa popote, na kazi inaendelea. Uingereza iliacha kibandiko chake cha kodi tarehe 1 Oktoba 2014. Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya ziwa, ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Kibandiko chake kikafa nayo. Ufaransa imeacha karatasi ya kijani ya asiransi kwenye kioo tangu tarehe 1 Aprili 2024. Polisi anaangalia namba ya gari kwenye orodha. Wenye desturi wameiacha, sisi tumebaki na gundi yao.

Najua mtu atanijibu: umeme wenyewe unakatika, mtandao unayumba, utaangaliaje namba kwenye orodha? Ni neno la kweli. Ndiyo maana sikuanza na hilo la nne. Tuanze na mfuko wa plastiki na pembe iliyo sahihi.

Na mwingine ataniuliza: katika mji ulioona vita, ulioona Mulongwe ukibomoa nyumba na kuua watu Aprili 2020, ulioona ziwa likipanda na kuingia manyumbani mwaka 2024, kweli unatuandikia juu ya gundi? Ndiyo. Mafuriko hayanisikii. Wenye silaha hawaniulizi. Lakini gundi iliyo kwenye kioo changu inanitii mimi. Katika nchi ambamo mambo mengi yako nje ya mikono yetu, lile lililo ndani ya mikono yetu halina udhuru.

Yule msichana wa Mulongwe alirudi kuchota maji mara ya pili asubuhi ile. Shofere wetu, nilimwona tena siku kadhaa baadaye, kioo chake kikiwa kama kilivyokuwa. Nilimweleza habari ya mafuta ya kupikia. Akacheka, akasema: "Grand, mafuta ni ya kupikia." Nikamwambia kijiko kimoja kinatosha. Bado namngoja anionyeshe kioo chake.